Historia ya Bwana Digrii, Mwonja Chai

Ndugu waombolezaji, mimi ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mke wake, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia hii kwa sababu nina sauti kubwa, wala si kwa sababu niliwahi kufurahia kikombe alichonipimia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na tarehe 3 Mei 1970 akaajiriwa kuwa mpakiaji katika ghala la chai, ambako mwonja mkuu aligundua kwamba kijana huyu anaweza kunusa tu na kulitaja gunia lililolazwa karibu na sabuni, akamhamishia chumba cha kuonjea, naye akakaa humo hadi alipostaafu mwaka 2011.

Humo ndimo alimokutana na oolong, chai isiyo ya kijani wala nyeusi bali iliyo katikati, na hapo sisi ndugu tukampoteza. Alitufundisha, tulipotaka na tusipotaka, kwamba oolong nyepesi, ile iliyoviringwa kama punje za pilipili manga, inataka maji ya digrii themanini na tano, na ile iliyokaushwa kwa moto mkali hadi ikawa nyeusi inataka maji yanayotokota, kwamba maji ya kwanza ni ya kuosha majani na humwagwa papo hapo, ya pili hukaa sekunde ishirini, kila yanayofuata huongezewa sekunde kumi, na majani yale yale hutumika hata mara saba. Kipimajoto hakikutoka kwenye mfuko wa shati lake, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Bwana Digrii.

Alipokuja kuposa, Juni 1978, aliomba atengeneze chai mwenyewe, akamwaga maji ya kwanza uani mbele ya baba yetu, ambaye alidhani chai yake imemwagwa kwa dharau, kisha akagawa vikombe vidogo mno, hata baba akauliza kama dawa hiyo inanywewa kabla au baada ya chakula. Hata hivyo baba alikubali, akisema mwenye subira hiyo kwa majani ataweza kuishi na binti yake, na ndoa ikafungwa tarehe 2 Septemba 1978. Walijaliwa watoto watatu, wote wakijua kuhesabu hadi ishirini kabla ya kujua kuvaa viatu. Katika miaka yote hiyo marehemu hakuwahi kusifu chai iliyotengenezwa na mtu mwingine, mkewe akiwemo.

Januari 2023 aliugua, na ugonjwa ukamwondolea ladha yote, jambo alilolificha kwa aibu, maana mwonja asiyeonja alijiona si mtu tena. Tarehe 9 Februari dada yangu, aliyeshinda akifua mashuka ya mgonjwa, alisahau kutia majani, akampelekea maji ya moto matupu, naye akanywa taratibu na kusema imeiva sawasawa. Dada aliposikia sifa hiyo alishtuka, akafunua birika, akalia jikoni, nasi tukakubaliana kumtunzia heshima yake. Tarehe 20 Juni wenzake wa ghalani walipomletea oolong mbili awaamulie ipi ni ipi, dada alitangaza kwa sauti digrii za maji ya kila kikombe, marehemu akaelewa, akahukumu bila kukosea, nao wakaondoka wakitikisa vichwa.

Tarehe 11 Agosti alimwambia dada kwamba siku ile alijua ni maji matupu, kwani macho yake hayakuugua, ila alimwona miguu imevimba kwa kusimama, na angesema neno lolote, dada angeinuka tena kwenda jikoni. Alifariki tarehe 13 Agosti 2023, saa nne asubuhi, hospitalini, mkewe akiwa ameushika mkono wake.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyekubali maji ya wodini yapimwe digrii, majirani waliotuletea viti na kutupikia, pamoja na wafanyakazi wenzake, ambao tunawaomba radhi kwa mambo ya tarehe 20 Juni.

Pumzika kwa amani, shemeji, dada ameketi.