Minani Afike Kwao

Mgeni rasmi, Bwana Lưu Đình Khoát, mwongozaji na mwigizaji wa filamu kutoka Vietnam. Mzee Ishaka, mfasiri wetu. Wazazi na watoto wa hapa Berea: amani iwe kwenu.

KARIBU

Tunajua umeletwa Johannesburg na tamasha la filamu, na huko Midrand wamekulaza pazuri. Kupanda ngazi zetu zote hizi, lifti ikiwa imekufa, ili ule nasi maharage na ndizi, ni heshima tusiyoizoea. Ukisikia tunakuita Minani usikasirike, maelezo yanakuja.

TULIKOKUJUA

Wengi wetu ni Warundi. Tulikujua kambini, Tanzania, kwenye kibanda cha video cha turubai. Filamu yako ilikuwa ya Kivietnam, nasi hatukujua hata salamu yake. Mzee Ishaka akashika kipaza sauti akatufasiria kwa Kiswahili, kama wafanyavyo wafasiri wa vibandani. Kivietnam naye hakukijua. Alikutazama usoni, akasema. Kijana uliyemwigiza, aliyekimbia vita akamwacha mama yake, akampa jina la Minani. Mwishoni Minani anasimama mbele ya geti, na Ishaka akapaza sauti: "Amefika kwao! Anabisha hodi!" Kibanda kizima tulilia. Tuliirudia filamu ile mpaka mkanda ukakwaruzika.

MAFANIKIO YAKO

Tumeyafuatilia kama ya ndugu. Mtoto wa fundi cherehani, ukaanza kwa kubeba taa za wapiga picha, ukaigiza, kisha ukaongoza filamu nyingi na kupewa tuzo. Hongera sana. Lakini tangu Minani hujaigiza tena, na hilo limetuuma, tusikufiche.

CHANGAMOTO

Mwaka jana Nyambura, jirani yetu Mkenya afanyaye kazi benki, alituletea filamu ile ile ikiwa na maandishi ya Kiingereza. Tukajazana kwa mwenzetu Clémence pamoja na watoto wetu, ambao Kiswahili wanakisikia tu, wanajibu kwa Kizulu. Ilipofika pale getini, binti wa Clémence akasoma, akacheka, akasema kwa Kizulu chake:

"Eish, Mama, hajafika kwao. Ameajiriwa hapo. Ni sekuriti tu."

Mgeni rasmi, wengi wetu ndiyo kazi yetu hapa mjini, kulinda mageti ya watu. Hakuna mwingine aliyecheka.

Clémence akamgeukia Ishaka. "Mzee, kumbe ulitudanganya?"

"Watu walikuwa mbele yangu, nyumba zao zimeungua," akajibu. "Mlitaka niwaambie amekuwa mlinzi?"

Tunamshukuru hadi leo.

MAOMBI

Hatuombi fedha wala viza. Tumesikia redioni kwamba unaandaa filamu yako ya mwisho. Tunakuomba uigize tena, mzee kama ulivyo, umrudishe Minani kwao. Mama yake kama amefariki, Minani afunguliwe mlango na jirani. Nyumba kama haipo, aonyeshwe ilipokuwa. Ila afike, na mtu amtambue, amwite kwa jina.

Tumekumbuka kwetu, mgeni rasmi, tumekumbuka mno, na wengine tutazikwa huku huku. Wewe unaweza kufika. Fika basi, tukuone unavyopokelewa.

Mungu akupe afya, mkono wako usitetemeke, na safari yako iwe nyepesi.

Ni sisi,
Watazamaji wa Minani, Berea.
Imesomwa na Élysée, katibu.