Ovaroli la Bwana Harusi

SHEMEJI: Haloo? Nani mwenzangu?

MPIGA RANGI: Mimi, shemeji. Mume wa dada yako. Salio limebaki kiduchu, kwa hiyo—

SHEMEJI: Aa, Bwana Harusi! Habari za hapo?

MPIGA RANGI: Nzuri tu. Uko hapo maabara? Majibu ya damu ya dada yako—

SHEMEJI: Yametoka. Yuko karibu?

MPIGA RANGI: Yuko uani. Sema.

SHEMEJI: [mlango unafungwa]

MPIGA RANGI: Haloo? Mtandao huu nao—

SHEMEJI: Nipo. Kaa chini kwanza.

MPIGA RANGI: Nimekalia ndoo. Sema, bwana!

SHEMEJI: Saratani, shemeji. Ya damu.

MPIGA RANGI: Mmechanganya. Anayepuliza rangi ni mimi! Yeye hata gereji hajawahi kukanyaga. Nipimeni mimi.

SHEMEJI: Tumerudia. Nimerudia mwenyewe, kwa mikono yangu.

MPIGA RANGI: Sasa... ni nini hasa? Nieleze kama fundi.

SHEMEJI: Seli ikijigawa, ncha za kromosomu zake zinapungua. Zikiisha, seli inastaafu. Sasa kuna kimeng'enya, telomerasi, kinazirefusha tena. Kwenye seli nyingi kimelala. Kwenye hizi za dada kimeamka. Hazistaafu. Zinazaana tu.

MPIGA RANGI: Si mkizime?

SHEMEJI: Ingekuwa swichi ningekizima jana.

MPIGA RANGI: Dawa?

SHEMEJI: Ya kukizima, hapa kwetu hatuna. Zipo za kuua seli zenyewe. Kali. Ndizo tutakazoanza nazo, ila sikuahidi kitu. Nimelia chooni asubuhi nzima.

MPIGA RANGI: Imetoka wapi lakini?

SHEMEJI: [mkwaruzo] —ktari anauliza kemikali. Ovaroli lako anafulia nini?

MPIGA RANGI: Sabuni.

SHEMEJI: Rangi ya gari haitoki kwa sabuni.

MPIGA RANGI: Thina, ile ya kuchanganyia rangi. Anaimwaga kwenye beseni, anasugua kola. Namletea mwenyewe, kwenye chupa ya maji.

SHEMEJI: Mikono mitupu?

MPIGA RANGI: Glovu anasema zinamtelezea. Unadhani kwa nini gereji wananiita Bwana Harusi? Wenzangu wote madoadoa, mimi nang'aa. Nilikuwa naringa, shemeji.

SHEMEJI: Hakuna anayeweza kuapa kuwa ni hiyo. Ila thina nyingine zina benzini, na benzini na damu haviivi chungu kimoja.

MPIGA RANGI: Ngoja.

SHEMEJI: Nini?

MPIGA RANGI: Kesho Jumatatu. Anafua. Nasikia beseni— Mama watoto! Acha hizo nguo!

SHEMEJI: Anasemaje?

MPIGA RANGI: Anacheka. Eti nataka kesho nikamwaibishe.

SHEMEJI: Mnyang'anye!

MPIGA RANGI: Nikimnyang'anya ataniuliza kwa nini.

SHEMEJI: Mwambie—

MPIGA RANGI: Nimwambie nini? Kwamba ni kola yangu?

SHEMEJI: Usiseme kitu. Nakuja mimi. Naomba ruhusa sasa hivi—

MPIGA RANGI: Uje useme nini na wewe?

SHEMEJI: Sijui. Sijui, shemeji.

MPIGA RANGI: Anakuja huku. Kalishika ovaroli, ananionyesha kola. Jeupe pe. Kachoka, anahema, lakini uso wote meno. Anataka nimsifu.

SHEMEJI: Usi—

MPIGA RANGI: Limetakata, mama. Limetakata kabisa. Asante. Njoo ukae hapa kidogo, leta hiyo mikono—

SHEMEJI: Haloo? Haloo, Bwana Harusi? Mnawishe mikono! Haloo?