Henriette Mwamba, Muuguzi, na Barua Zilizosomwa Nusu

Marehemu Henriette Mwamba alizaliwa Zongwe, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Papa Alphonse, mvuvi, aliyemtangulia, na Mama Cécile, aliye hapa nasi. Alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha uuguzi hapa Kalemie, akapata diploma mwaka 1971.

Miaka ishirini alihudumu katika wodi ya upasuaji, na karibu yote alikuwa amechoka. Siku ya ndoa yake na Papa Firmin, Juni 1974, alitoka zamu moja kwa moja hadi kanisani. Katikati ya mahubiri akasinzia, bwana harusi akamfinya. Mungu aliwajalia binti mmoja, Denise.

Novemba 1984, vita vya waasi na jeshi kule Moba vilileta majeruhi hospitalini. Mmoja alikuwa afisa kijana wa jeshi, Pontien, mzaliwa wa mkoa wa mbali wa Équateur, mguu umevunjwa na risasi. Hospitali haipiki; mgonjwa hulishwa na ndugu zake, na huyu hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu. Henriette alimgawia sahani yake mwenyewe, akamwandikia Mama nyumbani Zongwe barua tatu. Mama hajui kusoma. Msomaji alikuwa mdogo wa marehemu, Lambert, ndiye huyu anayewasomea wasifu huu leo. Wanajeshi wa jeshi hilohilo walikuwa wamempiga Lambert na kuchukua nyavu zake, kwa hasira kila barua akaisoma nusu tu: “Anakusalimia, Mama. Anasema ule afisa anaendelea muzuri.” Mama akarudisha salamu, basi.

Machi 1985 Pontien alitembea. Henriette alibaki amekonda, akiamini mama yake amemnyima alichoomba. Hakurudi Zongwe tena, na Mama akasema binti amepata kiburi cha mjini. Lambert alisikia yote hayo akanyamaza. Ni aibu, hana la kujitetea.

Mwaka huu figo za Henriette zilishindwa kazi. Lambert alipomwungamia kitandani, marehemu alisema: “Umwambie Mama weye mwenyewe. Mie nimechoka.” Alifariki tarehe 9 Agosti 1991, Mama akiwa bado njiani.

Ameacha mume, binti, mama na mdogo mmoja.

Mama, sehemu niliyoiruka ni hii: “Mama, kuja, leta samaki, tumupikie huyu mutoto wa watu. Na mie nitakula. Ni siku nyingi sijakula chakula yako.”

Dada, nimemwambia. Pumzika.