Msasa, Aliyekivalisha Chuma Shati na Koti

Waombolezaji, habari hii hamtaiamini, na mjomba wa marehemu anayeisoma hawalaumu. Aliiona kwa macho yake na bado hujiuliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, nyumba ya pili nyuma ya karakana ya pampu, kitindamimba wa watoto watano. Jina la Msasa alilipata shuleni, kwa kukwangua rangi ya madawati aone kutu inaanzia wapi. Mwalimu alimtoa nje. Akahamia kwenye geti. Alimaliza chuo cha ufundi Novemba 1979, wa kwanza darasani. Akili hizo ni za ujombani, msibishe.

Januari 1980 aliajiriwa karakana ile ile. Mwaka 1991 shafti, yaani vyuma vinavyozungusha pampu, zikawa zinaliwa na mchanga na kutu, wateja wakakimbia, meneja akatangaza kufunga: mafundi thelathini na wawili nje. Msasa akaomba siku ishirini. Shafti ya kwanza akaipaka kromu kwa umeme. Ya pili akaipulizia unga wa chuma ulioyeyushwa. Ya tatu akaitia kwenye tanuri lisilo na hewa, madini yakageuka mvuke na kuigandia, utando mwembamba kuliko unywele, rangi ya dhahabu. Zote zikazungushwa katika maji ya chumvi yenye mchanga.

Kromu ilifanya nyufa, kutu ikapenya. Ule unga ulisagika. Utando wa dhahabu haukupata hata mkwaruzo, ila kutu ilipita kwenye vitundu visivyoonekana kwa jicho.

"Zote tatu chali, Msasa," meneja akasema. "Tunafunga."

"Bosi, wewe huvaa koti bila shati? Nipe ishirini nyingine."

Shafti ya nne akaipaka nikeli kwanza, izibe njia ya kutu, kisha utando wa dhahabu juu. Kopo la mwisho la nikeli mtunza stoo alimpa bila sahihi ya mtu. Yeye na Msasa walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992. Siku ya ishirini shafti ilitolewa kwenye maji yale ya chumvi, meneja akaipangusa kwa leso yake nyeupe. Leso ikatoka nyeupe! Msasa akabebwa juu juu, vifijo hadi barabarani, na karakana haijafungwa mpaka leo.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Jumapili iliyotangulia alimwambia mjomba, "Nisomee wasifu wangu sasa hivi. Kaburini sitaweza kukubishia." Akasikiliza amefumba macho, akitabasamu, mpaka mjomba alipofika mwisho:

"Apumzike kwa amani Msasa wetu, aliyeokoa pampu elfu kumi, ambazo kila moja—"

"Mia nne, Mjomba. Na bado zinazunguka."