Siku Mzee Xaveri Alipokataa Kuondoa Lori

Mheshimiwa Diwani wetu. Ndugu Egbert, Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa kahawa. Padri wetu na Mchungaji wetu. Madereva na mafundi wenzangu. Mzee Xaveri, tunayemuaga leo kazini, na mkewe Mama Gloriose. Ndugu wageni waalikwa kutoka Kaisho, Songambele na hapa Nkwenda: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Joanitha, fundi mkuu wa gereji ya chama. Nimeombwa niseme maneno machache matamu kuhusu dereva aliyeendesha lori letu tangu baadhi yetu tukiwa shuleni. Matamu yapo, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ipo. Lakini mnivumilie, maana tangu asubuhi sijatulia. Walionitangulia wamemsifu Mzee kwa upole, kwa ibada na kwa kuwahi kazini, na yote ni kweli. Ila hakuna aliyeigusa siku ile ya msimu uliopita, na mimi siwezi kumuaga mtu huyu kwa kuiruka.

Mnaikumbuka. Lori lilikuwa limejaa kahawa ya Kaisho, mawingu yamefunga, na kiwandani Bukoba wanatungoja. Taa ya breki ikawaka kwenye dashibodi. Kwa wasioujua ugonjwa huu: breki za malori ya siku hizi zinabana kwa upepo, lakini zinaongozwa na umeme. Kila gurudumu lina sensa inayopima mzunguko wake na kupeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua gurudumu lipi libanwe kiasi gani. Habari ikikatika, breki bado zinashika, ila zinashika bila akili. Na tela lenye mzigo, kwenye mteremko wa matope, linaweza kukisukuma kichwa cha lori mpaka kikatazama kilikotoka.

Nikachomeka mashine ya kupimia. Ikanionyesha sensa ya gurudumu la nyuma la tela, upande wa kushoto. Nikaibadilisha, taa ikazima, watu wakashangilia. Mzee akaondoka, hata kona za Nkwenda hakuzimaliza, akarudi: imewaka tena. Nikaufuata waya kwa vidole kutoka gurudumuni mpaka kwenye plagi ya tela, nikabadilisha kipande kilichochubuka. Taa ikazima. Akaondoka, akarudi. Nawauliza, mlitaka arudi mara ngapi ndipo mmwamini?

Uwanja wa gereji ulikuwa umeshajaa watu, na uvumilivu umeisha. Ndugu Mwenyekiti, utanisamehe: ulisema mbele yetu kwamba breki zinashika, taa ni taa tu, ing'olewe gari liende. Hukuwa mtu mbaya. Ulikuwa umebeba kahawa ya watu na mvua inakuja. Mzee Xaveri akazima injini, akashuka, akatia ufunguo mfukoni, akasema hawezi kushuka mlima na kitu asichokijua. Wapo waliosema amezeeka. Wapo waliosema ameanza kustaafu kabla ya wakati. Na mmoja, ambaye yumo humu ukumbini, akasema kwa sauti, "Mkimbizi huyu, kahawa yetu inamhusu nini?"

Mtu aliyezaliwa Kaisho! Aliyevuka mto Kagera kutoka Rwanda ni baba yake. Yeye migomba yake imepakana na yenu. Yeye akainama kulitazama gurudumu. Nilitamani ajibu, nilitamani hata mimi nijibu, lakini mikono yangu ilikuwa na kazi. Nikamuuliza taa inawaka wapi hasa. Akaniambia ni kwenye kona, tena likiwa na mzigo. Jana yake lilikwenda Kaisho tupu na haikuwaka kabisa. Hapo nikaacha kuuhangaikia umeme. Kinachobadilika kwa uzito na kwa kona ni chuma.

Tukatia jeki chini ya ekseli. Mimi nikashika tairi juu, Mzee akashika chini, tukasukuma. Gurudumu likacheza. Tulipolifungua, beringi inayolibeba ilikuwa imesagika na grisi imeungua. Gurudumu lilikuwa likiyumba na kuisukuma sensa mbali. Ndiyo maana habari zilikatika. Lingechomoka njiani, pengine kwenye mteremko wa kushukia Kyaka, mahali akina mama wanapopanga ndizi kando ya barabara.

Mwenyekiti alikiokota kile chuma, akakigeuza mkononi. Kisha akasema taratibu, "Nilikuwa nimeshampigia Hirwa aje aliendeshe lori."

Hirwa ni mtoto wa Mzee Xaveri. Na Mzee alijua. Mama Gloriose amenisimulia juzi, akimenya ndizi: Hirwa alimpigia baba yake saa ileile kuomba ushauri, kwa kuwa alikuwa anaitafuta kazi hii. Baba akamjibu, "Njoo, lakini ufunguo ninao mimi."

Kahawa ilihamishwa kwa magari madogo, na magunia mengine yalilowa. Wenye magunia walikasirika, na wapo ambao mpaka leo wakipishana naye njia ya kanisani wanatazama migomba.

Leo Hirwa anakabidhiwa lori hili. Mwanangu, utakataa siku utakapotakiwa kukataa? Sijui, na wewe hujui. Kukataa mbele ya umati wa watu wenye njaa ya kufika ni kazi ngumu kuliko kuendesha. Nitakachokuahidi ni kwamba hutakataa peke yako. Nitakuja na jeki, na tutatukanwa wote wawili. Nanyi viongozi, mnamwachia nini kijana huyu kama aliyemtangulia anaondoka bila kuambiwa kwamba alikuwa sahihi?

Yule aliyesema lile neno simtaji. Najua ananisikia. Nasema tu kwamba Mzee anaondoka leo, na baada ya leo itakuwa vigumu zaidi kumwomba radhi.

Naona Mwenyekiti ameinuka, anakwenda alipo Mzee. Mama Gloriose, tafadhali mpishe akae. Na kule nyuma naona mwingine anasimama, kofia mkononi.

Basi mimi sina la kuongeza. Mzee Xaveri, shikamoo, na pumzika. Nanyi nyote asanteni kwa kunisikiliza, hata pale mlipotamani ninyamaze.