Papa Vénérand Cirhuza na Mmea Alioupa Jina la Mkewe

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza, haya ni maisha ya Papa Vénérand Cirhuza Ntakwinja, yaliyoandikwa na jamaa yake na kusomwa na binti yake, Huguette.

Papa Vénérand alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 huko Katana, kaskazini mwa Bukavu, akiwa mtoto wa nne wa wakulima wa migomba. Alisoma shule ya msingi palepale Katana, na mwaka 1989 akapata diploma ya agronomia mjini Bukavu. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mikwinini, miti ya dawa ya malaria, hadi vita vilipoyafunga. Tarehe 18 Julai 1992 alifunga ndoa na Mama Colette Nsimire. Mungu akawajalia watoto wawili, Huguette na Hardy.

Familia iliikimbia Bukavu mwaka 2004, ikafika Durban mwezi wa Novemba. Papa alilinda magari Morningside, kisha akawa mtunza bustani Westville. Wiki ya kwanza mwajiri wake alimwambia amwagilie mawaridi tu. Yeye akamwandikia ripoti ya kurasa mbili kwa Kifaransa juu ya ugonjwa wa majani yake. Mama yule hakujua hata neno moja la Kifaransa, lakini mawaridi yakapona. Tangu siku hiyo akamwita Daktari. Baadaye Papa aliajiriwa Mobeni, kwenye ghala la kuoteshea miche chini ya taa, na ndiko alikomalizia miaka yake ya kazi.

Mwaka 2015 taxi aliyopanda Mama Colette ilipinduka, na uti wa mgongo wake ukaumia. Tangu hapo alitembea kwa magongo, na maumivu hayakumwacha. Vidonge vilimchoma tumbo. Sheria ilipomruhusu mtu mzima kuotesha bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe, Papa alifikiri siku tatu. Kisha akamwambia mkewe, “Colette, hii ni mumea tu. Miye najua mimea.”

Alichukua insangu, yaani bangi ya huku, ndefu, yenye majani membamba, inayochelewa kuchanua, akaipandisha na nyingine fupi ya majani mapana. Aliipaka chavua kwa brashi ya rangi ya watoto, akang’oa midume yote iliyobaki. Miaka mitatu alichagua na kutupa. Chotara aliyempata mwaka 2022 aliishia usawa wa kiuno, akachanua kwa wiki tisa, na vishada vyake vilinukia ndimu na utomvu wa msonobari. Akamwita Nsimire, jina la mkewe.

Maua yalikaushwa polepole, yakapashwa kwenye oveni ya moto mdogo, yakalowekwa katika mafuta ya nazi. Kipimo kilikuwa nusu kijiko cha chai juu ya mkate, kisha kungoja saa mbili. “Ukiongeza haraka, moyo itapiga ngoma na utaogopa hata kivuli yako,” alimwonya. Mama alisema maumivu hayakuisha, ila yalisogea, kama mtu aliyehamia chumba cha pili. Njaa ikarudi. Usingizi ukarudi. Papa hakumuuzia mtu hata jani moja.

Hata hivyo, habari zilifika kanisani. Mwaka 2021, majaribio yakiwa bado yanaendelea, Papa aliondolewa kwenye uzee wa kanisa. Kuanzia hapo alikaa benchi la mwisho kila Jumapili, na hakurudishwa.

Mwezi wa Februari mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Mwezi uleule unyevu wa Durban uliingia chumba alichooteshea mimea, na ukungu ukaozesha miche mitatu kati ya minne. Ilibaki chupa moja ya mafuta. Mama alipomwuliza, “Na weye unakula yako saa ngapi?” alijibu, “Nilisha kula.”

Dawa ya hospitali ilimtosha mwanzoni, kisha ikashindwa. Siku moja mwezi wa Mei Huguette alimkuta kwenye chumba cha mimea ameuma taulo.

“Papa, unalia?”

“Hapana, ni jasho. Humu iko joto ya lampe.”

“Lampe zimezimwa, Papa.”

Akalikunja taulo. Kisha akasema, “Chupa iko moja tu, mwanangu. Mavuno ingine ni mwezi ya nane. Mama yako asijue.”

Badala ya kujieleza, akamfundisha kazi: mwanga wa saa kumi na nane kwa siku hadi mmea ukue, kisha saa kumi na mbili ili uchanue, kidole ndani ya udongo kabla ya maji, feni isizimwe kamwe. Huguette alijifunza yote, akaitunza siri ile wiki tatu. Anaomba msamaha wa mama yake mbele yenu leo.

Ijumaa tarehe 6 Juni Huguette alishindwa kuificha, akamwambia mama yake. Mama Colette hakumgombeza. Alishika magongo yake, akaenda jikoni, akapaka mkate mmoja mafuta yale, akaukata katikati. Akaketi kitandani kwa mumewe.

“Papa Huguette, miaka kumi umebeba mugongo yangu. Kula. Leo tunagawana.”

“Yako itaisha, Colette.”

“Iishe.”

Walikula. Mchana ule Papa alilala saa nne mfululizo bila kuguna, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe. Waligawana hivyo siku nne. Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tatu asubuhi, alifariki nyumbani akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Chupa ilikuwa tupu tangu jana yake.

Ameacha mjane, Mama Colette. Binti yake Huguette, anayeitunza sasa miche michanga iliyotokana na ule mmoja uliobaki. Mwanawe Hardy, aliyenyimwa viza na anayetusikiliza kwa simu kutoka Lubumbashi. Dada yake Julienne, huko Katana. Na wajukuu wawili.

Papa, huna tena maumivu ya kumficha mtu. Lala kwa amani ya Mungu.