Picha ya Ntobeye Yapitishwa Kijiweni

Lusahunga, pale malori ya Rusumo yanapopunguza mwendo madereva wakitafuta chakula, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa mtu wa kulikalia wala jambo la kubishania. Liko mbele ya jiko la Jovitha, muuza kahawa, na Jovitha ndiye hakimu, karani na polisi wa pale, maana asiyenunua kikombe cha pili hana haki ya kutoa hoja ya pili. Wenye benchi siku nyingi ni wawili. Kuna Pancras, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamkatalia, naye watu wanamwita Tela. Halafu kuna Aristides, ambaye zamani alimbebea mkoba afisa kilimo kwa msimu mmoja wa pamba, na tangu hapo anaitwa Bwana Shamba wala hajawahi kukanusha. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika na kahawa ya kwanza imeshamiminwa alipofika Wiston Brashi, amekumbatia plaiwudi kubwa iliyofunikwa shuka. Akaiegemeza ukutani, akakaa pembeni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Wiston ni fundi wa mabango. Gesti zote kuanzia hapo hadi Nyakanazi zimeandikwa na mkono wake, na simba wengi wanaokimbia nyuma ya malori walizaliwa kwenye kopo lake. Lakini miaka miwili nyuma gari alilopanda liliharibika kwenye vilima vya Ntobeye, kule Ngara. Abiria wakashuka kulalamika, na yeye akakaa kando ya barabara. Mvua ikapita, jua likatoka likaangukia mteremko mmoja tu, mingine yote ikabaki gizani. Wiston hakuwa na karatasi. Akaokota mkaa na mfuko mtupu wa saruji, akachora mpaka gari likapona, na tangu siku hiyo herufi za mabango zikaanza kumchosha.

Sasa kigango cha Ntobeye kilikuwa kimejenga ukumbi, na padri akataka picha ya kijiji ukutani. Wiston akapewa kazi hiyo, ya kwanza maishani mwake isiyo na maneno ya kuandika. Ukumbi ungefunguliwa Jumapili. Pikapu ya parokia ilikuwa inatoka Biharamulo asubuhi hiyo hiyo kuja kuichukua picha, na Wiston alitaka jambo moja tu kabla haijaondoka: atokee mtu aitazame na kusema hapa ni Ntobeye, bila kuambiwa. Aliogopa sana kwamba hatatokea. Akavuta shuka.

Benchi lote likainama kutazama.

– Barabara iko wapi? akauliza Tela.

– Barabara haionekani kutoka pale nilipokaa, mzee.

– Basi hapo si mahali. Mahali ni barabara kwanza, vingine vinafuata.

Bwana Shamba alikuwa ameinama akikagua mgomba mmoja baada ya mwingine, miwani ikiwa puani. Akatangaza kwamba migomba hiyo haina hata jani moja la mnyauko, na kwa kuwa mnyauko umepita Ngara nzima, picha hii lazima ilichorwa kabla ya ugonjwa. Wiston akamkumbusha kwamba ameimaliza juzi tu, baada ya kuirudisha nyumbani kuimalizia. Bwana Shamba akasema yeye anazungumzia utaalamu, si kalenda.

Tela akanunua kikombe cha pili ili apate haki yake, akaonyesha kidole.

– Mteremko huu una jua la asubuhi. Na huu wa huku una jua la jioni. Hiyo nchi ina majua mangapi?

Hapo Wiston akalazimika kujieleza. Aliwasimulia kwamba amechora nje miezi miwili mizima, na nje si chumbani. Asubuhi ukungu unakificha kilima mpaka chai iwe imenywewa. Ukishaondoka, una muda mfupi tu wa kuikamata rangi kabla jua halijapanda na kufanya kila kitu kiwe bapa. Upepo unageuza plaiwudi kuwa tanga, nyuki wanatua kwenye njano, na vumbi likinasa kwenye rangi mbichi linabaki humo. Siku moja mbuzi alilamba kibao chote cha kuchanganyia rangi, akazunguka kijiji na ndevu za kijani mpaka Jumapili. Kijani chenyewe kilikuwa mabaki ya gesti tano, na bado hakikutosha, maana mteremko mmoja tu wa Ntobeye una kijani cha mahindi, cha maharage, cha mgomba mchanga, cha mgomba mzee na cha mkaratusi. Wiston alivitaja vyote kwa zamu kama watoto wake, na Jovitha akasahau kikombe alichokuwa akikisuuza.

– Kwa hiyo asubuhi nilichora huku, jioni kule, akamaliza. Ndiyo maana kuna majua mawili.

– Uongo huo sasa tumeuelewa, akasema Tela.

Bwana Shamba hakukubali yaishe hivyo. Alisema tatizo ni kwamba mirima, yaani vilima, hukua. Afisa kilimo mwenyewe alimwambia: masika mrima unanyonya maji, unavimba, kiangazi unanywea, kwa hiyo anayechora miezi miwili anachora mirima miwili tofauti. Tela akaona amezidiwa, akapanda juu zaidi. Yeye, alisema, ana ushahidi kwamba vilima vya Ngara vinahama kabisa. Mwaka mmoja alikwenda Burundi na shehena ya saruji, akapita kilima fulani kikiwa mkono wake wa kushoto. Wiki hiyo hiyo anarudi, anakikuta mkono wa kulia.

– Si ulikuwa umegeuza gari, akasema Jovitha.

Tela akanywa kahawa yake polepole, akaomba waendelee na mada.

Mada ikahamia kwenye nyumba. Bwana Shamba alitaka kujua kwa nini nyumba zote za mteremkoni zinang'aa hivyo, kama zinakwenda harusini. Wiston akacheka, maana hilo ndilo lililomsumbua kuliko mbuzi na nyuki. Habari kwamba mchoraji amekuja zilifika kila nyumba kabla yeye hajakoroga rangi. Alikuwa ameupenda mteremko ule kwa kuta zake za udongo zilizochakaa. Kesho yake akaamka, akakuta nusu ya kuta zimepakwa chokaa. Siku iliyofuata kanga mpya zilianikwa kwenye kamba zikiwa kavu. Kuna jirani aliyemfunga ng'ombe wake mbele ya nyumba, akampigia kelele ng'ombe kila alipogeuza makalio. Wiston alipiga magoti akawaomba waache mambo yawe kama yalivyokuwa, wakamwitikia vizuri sana, na usiku wakaendelea kusiliba.

– Hao wana akili, akasema Tela. Picha inakaa kuliko mtu.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mwenye kitenge cha bluu na mfuko wa sandarusi, akatafuta kivuli. Jovitha akampa nafasi kwenye benchi. Wiston aliinuka haraka.

– Shikamoo, Mama Kaneza.

– Marahaba, mwanangu. Kumbe kwenu ndiyo hapa.

Ikajulikana kwamba Mama Kaneza anaishi Ntobeye, ametoka Biharamulo kumtazama binti yake aliyejifungua, na ameahidiwa nafasi kwenye pikapu ile ile ya parokia. Jovitha akamimina kahawa. Mama hakuigusa. Alikuwa ameshaiona picha.

Akasogea taratibu, akaanza kusoma mteremko kwa kidole bila kugusa. Hapa kwa Idefonsi. Huyu ng'ombe ni wa Generoza, na kweli ana pembe hiyo iliyopinda. Hii ni njia ya kisimani, na hii mikaratusi ni ile aliyoipanda katekista. Tela na Bwana Shamba wakatazamana. Kile alichokuwa akikingoja tangu asubuhi, na kwa miezi miwili kabla yake, kilikuwa kinatokea mbele yake, na alitamani mama huyo asimalize.

Lakini kidole kikamaliza. Kikarudi juu, kikashuka tena, polepole zaidi.

– Na kwangu ni wapi?

Wiston akatabasamu, maana jibu lilikuwa zuri.

– Mama, kwako ndiko nilikokuwa nimekaa. Uani kwako. Picha yote hii imetazamwa kutoka kwako.

Benchi lilifurahi. Tela akasema basi mama ndiye mwenye picha, wengine ni wapangaji tu. Bwana Shamba akasema hiyo ni heshima ya juu kitaalamu. Wiston naye akawaeleza jinsi mama huyu alivyomtunza: kila asubuhi alimtolea kiti na uji, aliwafukuza watoto, na yule mbuzi aliyelamba rangi ni yeye aliyemwosha ndevu.

Mama Kaneza aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kwa adabu.

– Watu wataingia ukumbini, akasema. Watasema hapa kwa Idefonsi, pale kwa Generoza. Watoto wao wataonyeshwa, na wajukuu. Wangu wataonyeshwa nini?

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Tela alikuwa wa kwanza kupata dawa, kama kawaida. Wiston achukue brashi sasa hivi, aipandishe nyumba ya mama kwenye mteremko wa pili, kuna nafasi nzuri karibu na kisima. Bwana Shamba akaunga mkono, udongo wa pale una rutuba. Wiston mwenyewe akaona inawezekana. Rangi bado mbichi, kazi ya nusu saa.

– Hapana, akasema Mama Kaneza. Nilihama Burundi mtoto akiwa mgongoni. Nikahamishwa kambi moja, nikapelekwa nyingine. Ntobeye ndipo nilipojenga. Hata kwa rangi, mwanangu, sitaki kuhama tena.

Lori la mafuta lilipita, na wote wakashukuru kwamba limepita.

Bwana Shamba akajaribu tena, kwa sauti ya chini. Vipi Wiston akirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka nyumba ya mama iingie kwenye picha? Wiston akafikiri. Nyuma ya nyumba ya mama ni kwa Esperansia. Ina maana atakaa uani kwa Esperansia, na Esperansia hataonekana.

– Basi arudi nyuma na kwa Esperansia, akasema Tela.

– Nyuma yake ni kwa Evaristi.

– Na kwa Evaristi.

– Kwa mwendo huo, akasema Jovitha, utachorea hapa kwenye jiko langu, na mimi ndiye nitakayekosekana.

Mama Kaneza alicheka, akaziba mdomo kwa kitenge, na kicheko chake kikawafungulia wote. Bado walikuwa wanacheka pikapu ilipofika na kupiga honi. Dereva akashuka akisema padri anaisubiri picha, fundi wa kuitundika yuko juu ya ngazi.

Wiston akaitupia shuka, akaanza kuiinua. Moyo wake ulikuwa mwepesi, alidhani yamekwisha kwa amani.

– Usijali, mama, akasema. Nitakuchorea yako peke yake, hapa hapa nyumbani. Sina haja hata ya kurudi. Nyumba yako naikumbuka vizuri.

– Unaikumbuka?

– Miezi miwili nimekaa pale.

– Mlango wangu una rangi gani?

Wiston akafungua mdomo. Alikumbuka kiti, alikumbuka bakuli la uji lililovunjika ukingo, alikumbuka mteremko wa ng'ambo mpaka kwenye jani. Aliutafuta mlango. Akarudia tena kuutafuta, plaiwudi ikiwa mikononi, na kila alipogeuka kichwani mwake aliona Ntobeye nzima isipokuwa huo.

Tela akanong'ona bluu, milango mingi ni ya bluu. Bwana Shamba akanong'ona kahawia. Wiston hakurudia la yeyote kati yao, na ninamsifu kwa hilo.

– Niliupaka wiki ile niliposikia mchoraji anakuja, akasema Mama Kaneza.

Dereva akauliza kama wapakie. Wiston akairudisha picha ukutani na kusimama mbele yake, kama anayeikinga.

– Mwambie padri afungue ukumbi bila picha. Bado haijaisha.

– Jumapili ndiyo keshokutwa, bwana.

– Najua. Mpeleke mama tu.

Dereva alilalamika, akamlaumu fundi, mvua na serikali, kisha akawasha gari. Mama Kaneza akapanda mbele, akaweka mfuko wake mapajani. Wiston akamfuata mpaka dirishani. Aibu ilikuwa imemjaa, na chini ya aibu kulikuwa na hamu ile ile ya siku ya mfuko wa saruji.

– Jumatatu nitakuwa kwako, mama. Sasa nije na kopo la rangi gani?

– Njoo nayo yote, akasema Mama Kaneza. Kiti nitakigeuza mwenyewe.